Kuinama Mbele za Watu

Jumapili, tarehe 5

Ibada nzuri. Nilikaa nyuma ya mama mwenye kofia pana, kwa hiyo Mchungaji sikumwona, nilimsikia tu. Alihubiri juu ya Bwana aliyejifunga taulo kiunoni akawaosha wanafunzi wake miguu. Akasema kiongozi wa kweli mtamjua kwa magoti ya nguo yake, maana hapo ndipo panapochakaa kwanza. Nikaitazama suruali yangu. Nzima kabisa! Mstari wa pasi umenyooka mpaka chini.

Kisha tangazo. Moyo ukanipiga pa! Mzee wa kanisa wa mtaa wetu amehama, Jumapili ijayo atatajwa mwingine. Hakuna kupiga kura wala kupendekezana. Baraza limekuwa likitazama kimyakimya, na kuna mtu limemwona. Anaamka kabla ya jirani zake. Anafanya kazi ambayo wengine wanaipita wameziba pua. Hajitangazi. Anakaa kule upande wa duka la fotokopi.

Duka la fotokopi ni langu! Nyumba yangu iko nyuma yake! Upande ule waumini wa kanisa hili tuko nyumba mbili tu, yangu na ya Seremala wa ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo ni mimi au ni yeye. Jamani, isiwe yeye.

Mzee wa kanisa anakaa mbele, kwenye kiti chenye mikono, anawatazama watu usoni badala ya kutazamwa kisogo. Miaka yote hii nimetoa nakala za matangazo yao, na hakuna hata siku moja nimeambiwa nisimame nionekane. Nakitaka kile kiti. Naandika hapa kwa sababu hapa hasomi mtu.

Njiani Mama Watoto akasema kifundo cha mkono kinamuuma, hawezi kukamua kitambaa. Akaniomba wiki hii nimwoshe mama miguu mimi. Mama yangu mzazi tunakaa naye. Miguu imemvimba, na daktari aliagiza ioshwe kwa maji ya vuguvugu asubuhi na jioni, ikandwe, iinuliwe juu ya mto. Nikamwambia mke wangu tutaona. Wiki hii nimebanwa. Lazima niwe mnyenyekevu, na siku zenyewe ni chache.

Jumatatu, tarehe 6

Nimeanza kazi. Nilifungua duka, nikabandika "Narudi sasa hivi", nikaenda kufagia kanisa. Nikafagia chini ya mabenchi, nyuma ya madhabahu, hadi kwenye kile chumba cha ngoma ambako kuna buibui wa kuogopesha. Hakuja mtu! Nilikohoa. Niligonga ndoo. Nikaimba pambio, na mimi sauti sina. Wapi!

Nikagundua jambo kubwa: unyenyekevu usio na shahidi ni ufagiaji tu.

Basi nikahamia nje, upande wa barabara. Nikaanza kufagia pale palipokwisha kufagiliwa. Akapita Sauti ya Nne, yule bwana mnene anayeimba besi kwenye kwaya. Nikashika kiuno nikashusha pumzi ndefu ili ajue nimechoka kwa ajili ya Bwana. Akasimama, akanitazama kwa huruma, akaniuliza kama kifua changu kimeanza tena. Kifua! Nikamwambia sina tatizo la kifua. Akasema nisilipuuze, shangazi yake alilipuuza. Akaondoka bila hata kuutazama ufagio.

Nimerudi nyumbani nimechoka kwelikweli. Mama Watoto alikuwa anamwosha mama kwa mkono wa kushoto, wa kulia ameufunga kitambaa. Nilitaka kusaidia, ila mgongo haukuniruhusu.

Jumanne, tarehe 7

Usiku akili ilifanya kazi. Kama watu hawanioni nikifagia, si waambiwe? Ila kwa hekima. Nikachapa tangazo kwa herufi kubwa: KANISA HILI LIMEFAGILIWA NA NDUGU MMOJA ASIYEPENDA KUTAJWA JINA. Nikatoa nakala, nikazitia nailoni zisilowe, nikabandika mlangoni, kwenye nguzo, na pale wanapochotea maji.

Nilipobandika ya mwisho ndipo nikaona. Karatasi za dukani! Chini kabisa kuna maandishi ya siku zote: jina la duka, tunatoa nakala, tunapiga picha za pasipoti, nyote mnakaribishwa. Lo! Nikataka kubandua. Kisha nikafikiri. Jina langu sijalitaja. Limejitaja lenyewe.

Mchungaji alikuja dukani mchana, tangazo mkononi. Akaniuliza kwa upole kama namfahamu huyo ndugu. Nikasema namfahamu kidogo, lakini hapendi kujulikana. Akasema basi tumheshimu, na karatasi zote amekwisha kuzibandua. Zote! Zenye nailoni!

Kisha akamuulizia mama. Nikamjibu mama yuko mikononi mwa watu. Akasema anajua. Akarudia tena kwamba anajua, na kwamba anayemwosha mgonjwa anahubiri kumshinda yeye mwenye mimbari. Nikainamisha kichwa kama mtu aliyesifiwa. Kumbe ananifuatilia! Akashika mlango akanitazama, nadhani kwa fahari.

Nilimsimulia mama jioni. Akasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mama hajawahi kuwa na duka. Mimi nina duka, na nina vyema vingi tu vimekaa kwenye rafu mpaka vimepata vumbi.

Jumatano, tarehe 8

Seremala! Nimeamka nasikia nyundo. Ko, ko, ko, mtaa mzima unasikia. Amechukua mabenchi mabovu ya kanisa, ameyapanga nje ya karakana yake na anayatengeneza kweupe. Mtu akigonga namna ile anataka nini kama si kuonekana? Kufagia kwangu kulikuwa kwa siri, kwake kuna mdundo.

Nikavuka barabara nikamwambia ndugu yangu, tusaidiane. Akafurahi, maskini, akanipa kipande cha msasa. Nikasugua kidogo vidole vikauma. Nikamwambia aniachie kupaka vanishi, maana mpakaji ndiye wa mwisho kuonekana na benchi. Hilo la mwisho nililisema moyoni. Akanipa brashi, akaenda kupeleka mlango kwa mteja.

Nilipaka vizuri mno. Nikapaka hata kile kiti chenye mikono, nacho kilikuwa kimeletwa pale karakana, kwa mapenzi. Nikayabeba yote kanisani, nikayapanga mistari. Yaling'aa! Nikajificha kidogo nje nione watu watakavyoshangaa.

Walioingia ni kina mama wa maombi. Wakakaa. Wakaimba. Walipoambiwa wasimame, hawakusimama. Walijaribu. Kulisikika sauti ya kunata, halafu mayowe, halafu mama mmoja mnene akainuka pamoja na benchi na wenzake wawili. Vitambaa! Nguo za Jumapili, jamani, wamezivaa Jumatano! Mke wangu hakuwamo, ashukuriwe Mungu, alikuwa nyumbani na mama.

Nikakimbilia dukani. Nikapanga: nitarudi, nitapiga magoti mbele yao, nitaungama kwa machozi. Kuungama ni unyenyekevu wa daraja la juu, na mashahidi walikuwepo tele. Nikafika nimekunja uso tayari, nikamkuta Seremala keshafika. Anasema kosa ni lake, alipaswa kumwambia aliyepaka kwamba vanishi inalala mpaka kesho yake. Anawafuta nguo kwa mafuta ya taa. Kina mama wanamwita mwanetu!

Ameniibia hata kosa langu. Sijui mtu huyu nimemkosea nini.

Alhamisi, tarehe 9

Kifundo cha Mama Watoto kimevimba. Asubuhi aliweka karai la maji ya vuguvugu mlangoni kwa mama, akaweka na taulo juu yake, akanitazama. Nikaliruka karai vizuri, sikumwaga hata tone. Nikamwambia naenda kuwaona wagonjwa.

Hospitali nilipita wodi hadi wodi na Biblia kwapani, jalada likiangalia nje. Kitanda cha mwisho kulikuwa na mzee mmoja amefungwa mguu. Akaniomba nimsogezee maji. Nikamwambia nitamwita muuguzi, mimi nimekuja kwa upande wa roho. Akakubali. Akaniuliza kwetu kuna mgonjwa? Nikasema hakuna. Halafu nikakumbuka, nikasema ni mama tu. Akaniuliza na sasa hivi mama yako na nani.

Nikamwambia yuko na mke wangu. Akasema, mh. Akageukia ukutani.

Kuna wagonjwa wana maswali mengi. Ile "mh" imenifuata mpaka dukani. Nimetoa nakala za mteja nikampa ukurasa mmoja juu chini.

Ijumaa, tarehe 10

Siku yangu kubwa. Naiandika upesi kabla haijaanza kunikera tena.

Nilijiuliza, kwa nini nahangaika na mafagio? Mchungaji alihubiri miguu. Basi miguu! Jioni kwaya inafanya mazoezi, watu wote wale wako pamoja. Nikachukua taulo. Karai nikakosa, ila la mama lilikuwa pale limekauka. Nikalibeba chini ya koti.

Wimbo ulipokwisha nikajifunga taulo kiunoni, nikamwaga maji kwenye karai, nikapiga magoti katikati ya uwanja wa kanisa. Nikatangaza kwa sauti ya chini, lakini iliyofika mpaka nyuma, kwamba mimi si kitu. Hakuna aliyebisha. Nikaomba miguu. Sauti ya kwanza wote wakaikunja chini ya sketi. Sauti ya pili wakaanza kutafuta viatu. Mwisho Sauti ya Nne akajitolea, akaleta mguu mzito, mzito kweli.

Hakuna aliyeniambia anatekenyeka nyayo! Nilipogusa tu kisigino, alipiga ukelele wa besi na mguu ukaja. Maji yakanimwagikia mimi, karai likabingirika hadi kwa mpiga kinanda. Kwaya nzima ilicheka. Wengine walikaa chini kabisa.

Hapo akatokea Seremala, anahema. Akaniita pembeni, lakini mimi nikamwambia aseme palepale, sina siri mbele za ndugu. Akasema basi, ametoka nyumbani kwangu. Mama alikuwa ameteleza kitandani. Mama Watoto kwa mkono ule hakuweza kumwinua, akavuka barabara kumwita. Wamemwinua, hakuumia. Akasema walitafuta karai la kumwosha wakalikosa, wakatumia sufuria.

Akaliangalia karai pale kwa mpiga kinanda. Wote wakaliangalia.

Nilijisikia vibaya. Niseme ukweli, nilijisikia vibaya sana, nikatamani kukimbia kwa mama nimshike mikono. Nikatembea haraka haraka. Hali hiyo ilinichukua mpaka kwenye kona ya kinyozi, na hapo nikaanza kujiuliza: kwa nini alisema mbele ya kwaya? Mimi nilimruhusu, sawa. Lakini mtu mnyenyekevu kweli angekataa.

Mama Watoto hakugomba. Alipokea karai, akalisuuza, akaenda. Bora angegomba.

Jumamosi, tarehe 11

Habari njema! Mchungaji na wazee wawili walikuja nyumbani. Mimi nilikuwa kwa kinyozi kujiandaa kwa kesho. Niliporudi chai ilikuwa bado mezani, na Mama Watoto amekaa, ameshika mkono wake, anatazama mbele.

Nikamuuliza walikuja kwa lipi. Akasema ni ule uzee wa kanisa. Walitaka kujua kama atakubali. Nikasema ni haki, hawawezi kumchukua mtu bila kumuuliza mwenzake. Nikamuuliza kama amekubali. Akasema alikataa kwanza, alihisi hafai. Wakambembeleza. Akakubali, ila kwa sharti kwamba atapata msaidizi hapa nyumbani, kazi ni nyingi.

Nikamwambia anafaa, asijidharau, mke wa mzee wa kanisa ni mtu wa maana. Nikasema msaidizi lazima apatikane, maana mimi kuanzia kesho sitashikika. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, machozi yakamtoka, mama naye akasikia kule ndani akauliza kuna nini, akaambiwa, na yeye akacheka mpaka akakohoa.

Furaha ya namna ile sijaiona nyumba hii tangu harusi. Mcheza kwao hutunzwa. Nimepiga viatu rangi.

Jumapili, tarehe 12

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Kanisa lilijaa. Nilikaa pembeni kabisa mwa benchi ili njia ya kwenda mbele iwe wazi. Mama Watoto alikaa kando yangu kwa ndani, mkono umefungwa. Mchungaji akasimama. Akasema mtu huyu hajui kusema sana. (Nikanyamaza zaidi.) Akasema anaamka giza halijatoka, anachota maji, anayapasha moto. (Hapo nilisita, ila mahubiri huongezwa chumvi.) Akasema hajamfundisha mtu kwa maneno, lakini wasichana wa mtaa ule wameanza kwenda kwa bibi zao kwa sababu wamemwona yeye. Nikafunga vifungo vya koti. Nikasimama.

Nikiwa nimesimama, Mchungaji akamalizia. Anaosha miguu ya mama ambaye hakumzaa.

Hakumzaa? Mimi mama amenizaa! Hunikumbusha kila siku, pamoja na uchungu wenyewe ulivyokuwa. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Nikahesabu nyumba yangu kichwani, mtu mmoja mmoja. Ikachukua muda, si wengi, lakini ikachukua muda.

Mke wangu akanigusa kiwiko kwa mkono mzima, akaniomba njia.

Nikampisha. Nifanye nini? Nilikuwa nimeziba njia, nimevaa koti, nimesimama peke yangu kanisa zima. Na watu wakaelewa vingine! Walidhani nimesimama kumheshimu mke wangu, wakapiga makofi. Mchungaji akasema mnaona, mume anayeinuka mke wake akiitwa. Nikapokea. Kilikuwa ndicho kilichobaki.

Akakaa kwenye kile kiti. Kile nilichokipaka. Alikuwa mdogo ndani yake, na kitambaa chake cha mkononi, na hakutazama mtu. Nilimwona kama simjui. Miaka yote nimekuwa nikimwona mgongo, ameinama juu ya kitu. Sikujua ana uso wa namna ile. Nilimwonea wivu, na nikampenda, vyote kwa pamoja, na sijui kipi kilitangulia.

Akapewa nafasi aseme neno. Akasema moja tu. Kwamba amekubali, lakini asubuhi hawezi kuwatembelea wagonjwa wa watu na kumwacha wake, isipokuwa apatikane wa kumwosha mama.

Kanisa zima likageuka. Kofia pana ikageuka. Seremala peke yake ndiye aliyetazama chini, kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi. Nikanyoosha mkono.

Makofi! Makofi kuliko ya mwanzo! Sijawahi kupigiwa makofi kama yale tangu nizaliwe. Sauti ya Nne akapiga na kigelegele cha besi.

Jumatatu, tarehe 13

Asubuhi nimemwosha mama miguu. Mama Watoto alikwishatoka kwenda kwa wagonjwa wake.

Maji ya kwanza yalikuwa ya moto, mama akapiga kelele. Ya pili ya baridi, akapiga kelele. Ya tatu akanyamaza. Nikapiga magoti. Sikujua miguu ya mama ikoje. Kisigino kimepasukapasuka, kidole kidogo kimepanda juu ya mwenzake, na ukibonyeza ngozi kunabaki shimo na linachelewa kujaa. Nikabonyeza polepole. Nikakanda alivyoagiza daktari, kutoka chini kwenda juu. Mama akasema nilipokuwa mdogo nilikuwa nikimpiga mateke akiniosha, na hakuacha kuniosha. Akaweka mkono juu ya kichwa changu, kwenye upara, akauacha hapo.

Sikufikiria kiti wala Seremala. Nilikuwa nimeshika mguu wa mama yangu tu, na maji yalikuwa ya vuguvugu sawasawa, na nilitamani Mama Watoto angekuwepo aone.

Hapo ndipo nikashtuka. Angekuwepo nani? Hakuwepo mtu! Jambo zuri kama lile, mzee mzima amepiga magoti, machozi kidogo machoni, na linapotelea chumbani! Hii ni hasara kwa kanisa zima. Si Mchungaji amesema watu hufundishwa kwa kuona? Wataonaje?

Nikainuka nikafungua pazia lote. Chumba cha mama kinatazama barabara, na wakati ule kina mama wa maombi ndio wanapita. Mama akasema nifunge, anaona baridi na hataki miguu yake ionwe na mtaa. Nikamwambia avumilie, ni kwa ajili ya kuwajenga wengine. Akanimwagia maji yaliyobaki.

Hakuna aliyetazama. Dirisha lenyewe ni dogo, na limekaa juu, ukipiga magoti unaonekana upara tu. Nimepima kwa mikono. Kesho naenda kwa Seremala anitengenezee kubwa zaidi, linalofika chini.